Kutoa mlingoti wa mashua ya zamani na kuitengeneza kuanzia chini

Mwenye mashua ya zamani akiona mlingoti umeanza kucheza, kitu cha kwanza anachofanya ni kugongomea kabari nyingine pale juu unapopita kwenye boriti, unakaza, anatweka tanga anaenda zake. Mwakani anaongeza kabari ya pili. Halafu siku mlingoti unatolewa kwa sababu nyingine kabisa, labda chombo kimeuzwa, ndo watu wanakuta kisigino kimeoza chote na mwashiri, ule mti wa chini wenye shimo linalokalia mlingoti, unachotwa kwa mkono, na kilichokuwa kinaushika huo mlingoti miaka yote ni kabari na zile kamba za pembeni tu. Kwa hiyo ukinunua mashua ya zamani, au umerithi ya mzee, au yako mwenyewe ina miaka haijafunguliwa, toa mlingoti. Utoe wote, uulaze chini, uangalie pale ulipokuwa umekaa. Rangi, tanga jipya, injini ya kubandika nyuma, vyote hivyo vinasubiri.

Naongelea mashua hizi za kwetu, za futi 25 mpaka 35 hivi, tanga moja la pembe tatu, mlingoti mmoja ulioinamia mbele. Jahazi kubwa kanuni ni zilezile ila watu wanaongezeka na kamba zinanenepa. Ngalawa mlingoti wake unaubeba begani, haina haja ya maelezo.

Kabla ya kugusa kamba yoyote angalia mwezi. Mashua inapandishwa bamvua, maji yanapojaa sana kuliko siku nyingine, basi, usijaribu maji mafu, yale yasiyopanda sana, kwa sababu utaikwamisha katikati ya pwani na kila maji yakijaa yatakuwa yanaigongagonga kwenye mchanga. Bamvua inakuja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, nguvu yake yenyewe ni siku moja mbili baada ya hapo, na kwetu huku kuanzia Lamu mpaka Unguja na Mafia maji ya bamvua yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, yanapwa kwenye saa nne. Hiyo ni bahati kubwa ukiifikiria. Unaingiza chombo saa kumi ya alfajiri mpaka juu kabisa maji yanapoishia, unatia gadi, miti ya kuegemezea chombo ubavuni, huku maji yanakushuka magotini, na saa mbili asubuhi mashua imekaa kwenye mchanga mkavu, upepo bado haujaamka vizuri, una masaa kama manne ya kufanya kazi ya kunyanyua bila mtu kuogelea.

Msimu nao. Wengi wanapandisha vyombo masika kwa sababu bahari haiendeki na watu hawana kazi, nawaelewa, lakini mbao zimelowa, pamba ya kalafati, ya kuzibia nyufa kati ya mbao, inaingia kwenye ufa uliovimba, na chombo kikija kukauka ile pamba yote inalegea. Mie napendelea kipupwe, mwezi wa sita mpaka wa nane, kama pwani yako imejikinga na upepo wa kusi. Kunakuwa kukavu bila jua la kupasua mbao. Kaskazi ya mwezi wa kwanza na wa pili pia sawa ila hapo lazima uwe na turubai au makuti ya kufunika, kwa sababu jua lile ukiliachia mashua tupu wiki mbili mbao zinasinyaa mpaka unapitisha kidole kati ya ubao na ubao, halafu unaanza kudhani chombo kimeharibika kumbe umekikausha mwenyewe.

Vitu vya kuwa navyo: kamba mbili nene za uhakika, kamba nyembamba nne za kuongozea, makapi mawili ya kupitishia kamba, miti miwili mirefu migumu ya kutengenezea mkasi, mtaimbo, nyundo, patasi, chembeu, kisu chenye ncha, magogo matatu ya kulazia mlingoti, magunia matupu, na simu yenye chaji. Watu sita mpaka wanane. Na mmoja tu ndo anasema. Hili nalirudia kwa sababu pwani kila mtu ni nahodha, mlingoti uko hewani unasikia huku "vuta" na huku "legeza", hapo ndo watu wanavunjika miguu. Chagua mtu kabla, kama nahodha wa chombo yupo basi ni yeye, wengine mikono tu.

Sasa vua chombo. Toa farumi yote kwanza, mawe na mifuko ya mchanga, manake mashua ikiwa imekaa kwenye gadi na mawe yamo ndani uzito wote unakandamiza mbao za chini ambazo kwa kawaida maji ndo huzibeba. Gadi zenyewe weka pande mbili, mbili mbele mbili nyuma, na chini ya kila gadi tia kipande cha ubao la sivyo zinazama mchangani taratibu na asubuhi unakuta chombo kimelala ubavu.

Halafu tua foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, mpaka chini, fungua tanga, likunje likae pakavu. Kabla hujafungua henza, ile kamba nene ya kupandishia foromali, piga picha. Piga picha kila kitu, henza inavyopita kwenye kapi la kichwani na kushuka mpaka kwenye gofia, kapi la mwisho wa henza, jarari, ile kamba ya kuvutia, inavyozunguka kati ya gofia na abedari, kapi lililofungwa chini, kamba za pembeni zimefungwa wapi na mafundo gani, demani, kamba ya kuongozea tanga, imeshikwa wapi. Mafundi wakubwa hawahitaji picha, mikono yao inajua, lakini mashua ya zamani kila mwenyewe aliyepita ameongeza lake na wiki tatu baadaye utakuwa na rundo la kamba hujui ipi ya nini. Funga kitambaa cha rangi kwenye kila moja. Zile kamba za pembeni ziache mpaka mwisho kabisa, hizo ndo zinashika mlingoti usianguke ukishalegeza kabari, na nimewahi kuona vijana wanazifungua kwanza kwa sababu ndo zilikuwa karibu.

Foromali ikiwa chini ikague hapohapo. Nyingi ni miti miwili au mitatu imeunganishwa kwa kamba, na ugonjwa unakaa ndani ya maungio, chini ya kamba ambapo maji ya mvua yanaingia hayatoki. Fungua angalau ungio moja uone. Kama mti chini ya kamba ni mweusi na laini, fungua na mengine.

Kuna njia tatu za kunyanyua. Mlingoti mdogo watu wanaung'oa kwa mikono, wawili wamekumbatia chini, wengine wameshika kamba za kichwani, unapanda, unalazwa. Lakini mlingoti wa futi 22 wenye unene wa inchi 8 chini, mti mgumu, kilo 100 zinapita kirahisi na uzito wake uko juu, sikushauri. Njia ya pili ni kupanga na jahazi kubwa, mnafungana ubavu kwa ubavu maji yakiwa yamejaa na bahari imetulia, henza ya yule mkubwa ndo inakuwa winchi yenu. Nzuri sana ila inataka asubuhi isiyo na wimbi hata dogo, kwa sababu vyombo viwili vikipishana kwenda juu na chini mlingoti ulioning'inia katikati unapiga kila kitu. Ya tatu ni mkasi, na hii ndo naielezea kwa sababu unaweza kuifanya pwani yoyote.

Chukua ile miti miwili, mirefu iwe imezidi nusu ya mlingoti kwa futi kadhaa, ifunge vichwa pamoja kwa kamba nyingi, tanua miguu. Mguu mmoja kila upande wa mashua, umekaa juu ya ubao juu ya mataruma, zile mbavu za chombo, siyo juu ya ubao mtupu wa pembeni, na miguu yenyewe uifunge isitelezee nje. Kichwani ning'iniza kapi. Kamba moja ya kichwa cha mkasi inaenda mbele kwenye gidamu, nyingine inaenda nyuma shetri, hizo ndo zinakuwezesha kuuinamisha mkasi mbele au nyuma kidogokidogo.

Kitanzi cha kunyanyulia kifunge juu ya nusu ya mlingoti, kati ya katikati na kichwa. Watu wanafunga chini kwa sababu ndo mkono unafika, halafu kisigino kikitoka tu, kichwa kinapinduka kinakuja chini. Panda ngazi ufunge juu. Weka gunia chini ya kitanzi kisiteleze, na ufunge kamba ya pili kutoka kwenye kitanzi mpaka chini kwenye kisigino ili kitanzi kisipande peke yake.

Kaza kamba ya kapi la mkasi mpaka ibebe uzito, halafu ndo uondoe kabari. Kabari ikigoma usiigonge kwa hasira kutoka upande mmoja, gonga mara huku mara kule, na angalia kama kuna mtu aliyewahi kuipigilia misumari, kwenye vyombo vya zamani utakuta misumari mitatu minne imejificha chini ya rangi. Mlingoti wenyewe ukiwa umeganda, zungushia kamba, pitisha mtaimbo, uupindishe kidogo kushoto na kulia mpaka usikie umeachia kule chini.

Hapa sasa ndo penye ufundi. Mlingoti wetu haujasimama wima, umeinamia mbele, na kisigino chake kina ulimi unaoingia kwenye shimo la mwashiri. Ukiuvuta wima kwenda juu ule ulimi unabana kwenye ukingo wa shimo, na watu nane na makapi mawili wana nguvu ya kupasua mwashiri bila kujijua. Inabidi uvute kwa kufuata mwinamo wake, yani inamisha mkasi mbele kwa zile kamba mbili mpaka kapi likae kwenye mstari wa mlingoti, uvute hivyo mpaka ulimi utoke wote, baada ya hapo ndo unaurudisha wima na kuulaza. Mtu mmoja mdogo mwepesi awe chini ndani anaangalia ulimi kwa tochi na kupiga kelele, lakini asikae chini ya mlingoti wenyewe, akae pembeni.

Ukishatoka ulaze polepole kuelekea nyuma, kichwa kinatoka nje ya shetri, watu wa nchi kavu wanakipokea. Uweke juu ya magogo matatu kivulini. Usiulaze mchangani, utanyonya unyevu upande mmoja na utapinda.

Kazi ya kunyanyua ndo ile watu wanaipigia picha, ila faida ya siku nzima iko kwenye nusu saa inayofuata.

Anza na kisigino. Kuna fundi mmoja mzee kule Nungwi yeye hagongi kwa kichwa cha nyundo, anaigeuza anagonga kwa mpini, polepole, kila shibiri moja, na kijana wake ameweka sikio upande wa pili wa mti. Sauti kavu ya juujuu, mti mzima. Sauti nzito iliyozama, wanatia alama ya mkaa. Nilimkuta siku moja wamechora mkaa karibu theluthi ya mlingoti na mwenye mashua kasimama anamuuliza mti mpya ni bei gani, mzee akamwambia "mwanangu, kwanza tuulize huu wa zamani kama kuni utauzwa bei gani". Baada ya kugonga, choma kwa kisu kwenye zile alama. Mti mzima ncha inaingia kidogo na kukataa. Uliooza kisu kinaenda kama kwenye muhogo uliochemka.

Watu wengi wanadhani bahari ndo inaozesha mlingoti, hapana. Maji ya chumvi yanauhifadhi mti, maji ya mvua ndo yanauozesha. Mvua inateremka na mlingoti mpaka chini, inaingia kwenye shimo la mwashiri, haina pa kutokea, inakaa. Ndo maana mashua inayofanya kazi kila siku kisigino chake huwa kizima kuliko ile iliyofungwa bandarini miaka miwili mwenyewe yuko Dar au Muscat. Kwa hiyo kama mashua yako ilikaa muda mrefu bila kazi, usidanganywe na rangi yake.

Panda juu sasa. Pale mlingoti unapokumbatiwa na boriti utakuta pamelika, hiyo kawaida, ila kama pamelika zaidi ya inchi moja kwenda ndani upande mmoja basi mlingoti umekuwa ukicheza muda mrefu. Nyufa zinazokwenda na urefu wa mti hazinitishi, kila mti mkubwa ukikauka unapasuka hivyo, unazijaza mafuta tu. Ufa unaokata mti kwa upana, hata uwe mwembamba wa unywele, hasa upande wa mbele au usawa wa boriti, huo ni mti ulioanza kuvunjika. Huo mlingoti mpe shughuli nyingine. Mwisho kichwani, tundu la kapi. Toa pini, angalia roda, gurudumu la kapi, imelika upande gani, angalia mbavu za tundu kama zimepasuka, na popote penye weusi unaozunguka msumari ujue kutu imeula mti pale.

Kurekebisha inategemea. Kama uozo wa kisigino haujafika shibiri moja, kata, chonga ulimi mpya, na uunyanyue mwashiri kwa kipande cha mti mgumu ili mlingoti urudi kwenye kimo chake, au uukubali umefupika kidogo, mashua haitakushtaki. Ukiwa umepanda zaidi ya hapo lakini mti wa juu ni mzima, unaunga. Kiungo kiwe cha mlazo, na urefu wa ule mlazo usipungue mara 8 ya unene wa mti, kwa hiyo mlingoti wa inchi 8 unataka mlazo wa futi 5 na zaidi. Watu wanaunga futi mbili wanapiga bolti nne wanasema imeshika. Imeshika mpaka siku ya upepo. Gundi ya epoksi inafanya kazi nzuri kama mti umekauka kweli na hukuupaka mafuta kabla, halafu juu yake unazungushia kamba ya kukaza. Mti mpya ukiamua kununua, siku hizi wengi wanatumia mkaratusi au mvinje kwa sababu imenyooka na inapatikana, chagua ambao umekaa kivulini miezi kadhaa, mbichi utakupinda.

Sasa ingia ndani na tochi uangalie mwashiri. Huu ndo mti uliolala juu ya mataruma, kazi yake kusambaza uzito wa mlingoti usitoboe chini. Choma kwa kisu ndani ya shimo, kwenye kona na chini. Ukiwa umeoza usiutibu, utoe, weka mpya wa mti mgumu, mbambakofi ukipata, na uwe mrefu wa kupita juu ya mataruma kadhaa, mbele na nyuma, siyo kipande kilichokaa juu ya mawili. Halafu fanya kitu ambacho vyombo vingi vya zamani havina: toboa tundu dogo kutoka chini ya shimo kwenda pembeni, la kupitisha kidole kidogo, maji yakiingia yatoke yaende kwenye ngama, pale chini maji yanapokusanyika. Tundu hilo lina kazi kubwa kuliko kopo zima la rangi.

Ukiwa humohumo ndani angalia na mataruma yaliyo chini ya mwashiri, huwa hayaonekani mpaka siku hiyo. Misumari ya zamani yenye kutu inaumeza mti unaoizunguka, unaona doa jeusi na ukigusa kichwa cha msumari kinazunguka. Toa, ziba tundu kwa kijiti kilichopakwa mafuta, na piga msumari mpya uliopakwa zinki pembeni, siyo kwenye tundu lilelile. Taruma lililopasuka siyo lazima ulitoe, unaweza kulilaza jingine ubavuni mwake.

Kuna mbinu ya usiku naipenda. Mashua ikiwa juu na imekauka, weka taa kali ndani, funika juu kwa turubai, halafu zunguka nje gizani. Kila mahali pamba imetoka utaona mstari wa mwanga. Tia alama ya chaki. Utashangaa, mara nyingi yale maji uliyokuwa unayafua, yani kuyachota na kumwaga nje, kila siku yanaingia sehemu mbili tu, na mara nyingi ni ubao wa kwanza kabisa unaokutana na mkuku, ule mti wa chini kabisa wa chombo.

Kalafati: chokoa pamba ya zamani yote kwenye ufa huo, usipige mpya juu ya iliyooza. Pamba mpya isokote iwe kamba, ipitishe kwenye mafuta, sifa, yani mafuta ya ini la papa, kama unaivumilia harufu na umeipata, maana papa wamepungua na sifa imekuwa ghali, mafuta ya nazi pia yanafaa. Unaiingiza kwa chembeu na nyundo, safu kwa safu. Kwenye chombo cha zamani usipige kwa nguvu zako zote. Mbao zitavimba zikiingia majini, pamba ikiwa imejaa kupita kiasi haina pa kwenda, inasukuma ubao unang'oka kwenye misumari. Iwe imara ukiigusa kwa kidole, inatosha.

Nje chini, kwangua chaza wote. Kama chombo hakijapakwa epoksi wala faiba, kichome kwa moto wa makuti makavu, moto wa harakaharaka unaotembea, ubao upate joto la kuua wadudu wanaotoboa, usisimame sehemu moja. Ndoo za maji ziwe karibu, na moto uwe upande wa upepo unaotoka kwenye chombo, na kama kuna petroli ya injini ndani ishatolewa tangu jana. Halafu deheni, mchanganyiko wa kupaka nje chini ya chombo: chemsha shahamu, tia chokaa kidogokidogo huku unakoroga mpaka iwe nzito ya kushika kwenye mkono, paka ingali moto. Chokaa inaunguza macho, vaa miwani hata ya jua. Rangi za dukani za kuzuia chaza zinakaa muda mrefu zaidi sikatai, lakini ukianza na rangi hiyo huwezi tena kuchoma moto wala kurudi kwenye deheni bila kukwangua yote, na moshi wake ni sumu, kwa hiyo amua mara moja.

Oili chafu ya gari nayo, najua pwani nzima inapaka. Bei rahisi, inang'aa siku mbili. Lakini ukishaipaka hakuna gundi wala rangi itakayoshika tena hapo, na kila maji yakijaa unaiona ile filamu ya rangirangi inaelea pale watoto wanapoogelea na watu wanapochukua chaza wa kula. Mafuta ya mimea yapo.

Kamba usizirudishe bila kuzipitisha mkononi moja moja. Zile za plastiki za buluu na kijani jua linazila, ukizikunja zinatoa unga, tupa. Nailoni ina nguvu ila inavutika, henza ikiwa ya nailoni foromali inashuka yenyewe kidogokidogo mkiwa safarini. Ya katani au ya mnazi sawa kama inakaushwa. Makapi yatoe pini, safisha, paka shahamu. Tanga lifue kwa maji baridi yasiyo na chumvi, lianike likauke kabisa, ukague mshono wa dasi, ile kamba ya ukingo wa tanga, pembezoni kwa sababu dasi ikiachia pembe moja tanga zima linachanika siku moja. Kiraka kiwe cha kitambaa cha uzito uleule, ukitia turubai gumu juu ya marekani laini litachanika pembeni ya kiraka.

Kurudisha mlingoti ni mwendo uleule kinyumenyume. Ujaribishe kwanza kavu, ulimi uingie kwenye shimo bila kulazimishwa, paka kisigino mafuta mpaka kisinywe tena. Ukiwa bado umening'inia kwenye mkasi, mtu mmoja asimame mbali ubavuni na mwingine nyuma kabisa, wakwambie mwinamo umerudi kama kwenye picha zako za zamani, ukisimama wima sana foromali itakuwa inagonga mlingoti kila mkigeuza tanga. Funga kamba za pembeni, ndo utie kabari, na kati ya kabari na mlingoti weka kipande cha ngozi au turubai la zamani. Juu ya kabari vika kola ya turubai iliyofungwa kwa kamba na kupakwa rangi, maji ya mvua yaishie nje. Na kila mvua kubwa ikinyesha mashua ikiwa imefungwa, fua yale maji, halafu mwagia ndani ndoo kadhaa za maji ya bahari kuzunguka mwashiri.

Kushua, yani kurudisha chombo majini, subiri bamvua nyingine. Siku mbili kabla uwe unamwagia maji ndani na nje mbao zianze kuvimba, na maji yakija usikimbilie kwenda kuvua, iache ikae palepale ufukweni maji mawili matatu, imefungwa vizuri. Itavuja. Mashua ya zamani iliyokaa juu wiki kadhaa ikirudi majini inavuja siku ya kwanza, usianze kutukana fundi, fua na usubiri, ikifika siku ya tatu bado inaingiza kwa wingi uleule ndo umrudie. Dua na ubani na wali wa wavutaji kila pwani ina taratibu zake, fuata za hapo ulipo, hao ndo utawahitaji tena mwakani.

Safari ya kwanza iwe fupi, upepo mdogo, tanga litwekwe na kutuliwa mara kadhaa kabla hujaondoka eneo. Nusu saa baada ya kuanza mtu aweke mkono pale kabari zilipo wakati mashua inakwenda, kama mlingoti unasogea ndani ya boriti, tua, gonga kabari, endelea. Kamba za pembeni zitalegea zikivutika, zikaze tena jioni. Ndoo mbili ziwemo ndani, majaketi ya uokozi ya kila mtu, na anayefua maji asiwe yuleyule anayeshika usukani.